Kazi za Msimu wa Kusi

Huku kwetu Lamu, ikifika Mei, hakuna mvuvi anayesema bahari imemkataa. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, imeingia, basi. Nje ya mwamba mawimbi yamepanda, vyombo vidogo vinabaki ndani, upande wa Mkanda na Manda, na vingine havitoki kabisa. Fedha hupungua kila nyumba. Watu huvumilia hadi demani, upepo unapolegea, kisha kaskazi yenyewe inapofika mwishoni mwa mwaka, maji yanatakata na wapiga mbizi wa Kibajuni wanashuka kutafuta kamba koche kule Kiwayu na Kiunga.

Nimezaliwa katika nyumba ya kazi hiyo. Baba alikuwa nahodha wa mashua, na kwetu sisi watoto kusi ilikuwa miezi ya raha kwa sababu baba alikuwa karibu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, chombo kilisogezwa juu kabisa ya ufuo, maji yakipwa kikabaki kimelala ubavu, na hapo kazi ikaanza. Walikwangua mbao. Walitia kalafati, pamba iliyochovywa mafuta ikishindiliwa kwa nyundo kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Chini, sehemu inayokaa majini, walipaka deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili wadudu wa baharini wasitoboe. Nyavu zilitandazwa uani na kila mwenye vidole akapewa kipande chake. Mama alikuwa na deni dukani, tulikula ng'onda na muhogo siku nyingi mfululizo, na baba hakuwa mtu wa kucheka sana miezi hiyo. Lakini hakukaa. Sikumbuki kumwona amekaa tu.

Naandika haya kwa sababu ya msichana mmoja kati ya wale wanaojifunza kushona kofia kwangu. Juzi, wenzake walipokwisha kuondoka, aliniuliza, "Bi, wewe huwa hukati tamaa?" Aliuliza kwa uzito, macho yamemjaa, kwa jambo la nyumbani kwao ambalo si langu kulitangaza. Adhana ya magharibi ilikuwa inatolewa, mamake anamngoja, hatukupata nafasi ya kuzungumza. Nimekuwa na swali lile tangu siku hiyo. Hili ndilo jibu langu kamili, kwake yeye na kwa yeyote mwenye swali lilelile.

Nimekata tamaa, mwanangu. Si mara moja.

Juni 2014 Mpeketoni, mji wa kaunti yetu, ilishambuliwa, watu wakauawa, na mwezi uliofuata Lamu ikawekewa kafyu kuanzia jioni hadi alfajiri. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo ikabaki hata kafyu ilipoondolewa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni ya mchana, amri kama hiyo maana yake ni kufunga mlango mapema. Mume wangu alikuwa mvuvi wa usiku. Walitoka na taa zao baada ya isha, samaki wakaufuata mwanga, na alfajiri ndiyo iliyokuwa mshahara wetu. Kwa siku moja mshahara ule ukakatika, na hakuna aliyeweza kutuambia hadi lini.

Alikasirika. Alikaa barazani na wenzake wakazungumza kwa hasira kutoka asubuhi hadi adhuhuri, akarudi nyumbani, akala bila kusema neno. Jamaa wakanishauri nimwambie ashukuru, kwani wako waliopoteza roho, yeye amepoteza kazi tu. Sikumwambia. Nilijua anawalilia wale waliokufa kuliko hao walionishauri. Mtu anaweza kuwalilia wafu wa mwenzake na bado akahuzunikia mkate wa wanawe, na sioni dhambi katika hilo.

Tulichofanya, na hili nataka ulisikie vizuri, ni kuchukua daftari la shule la kijana wetu usiku mmoja na kuandika. Ukurasa mmoja kilichoondoka, ukurasa wa pili kilichobaki. Kilichoondoka kilikuwa kirefu: samaki wa usiku, fungu la mabaharia wake wanaomtegemea, ahadi tuliyompa mwenye duka, karo. Kwenye ukurasa wa pili tukaandika chombo, kwa kuwa kilikuwa kizima. Nyavu. Kofia zangu mbili zilizokaribia kwisha. Afya. Tuliandika mpaka na mnazi wa urithi. Hesabu hazikutosha, na tulijua hazitatosha, lakini kabla ya hapo tulikuwa tunaogopa kitu kisicho na mipaka, na sasa kilikuwa na mipaka ya kurasa mbili.

Halafu mume wangu akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Uvuvi wa mchana kwa mshipi hakuuzoea, hakujua vyema miamba ya changu na tewa ilipo. Alikuwa mtu mzima, fundi wa kazi yake, mwenye mabaharia wanaomwita nahodha. Akaenda Shela kwa mzee mmoja akamwomba amfundishe. Akaketi mbele ya chombo cha mtu mwingine akifundishwa kutia chambo. Watu wengi wakisikia maneno ya kuwa na moyo mzuri wakati wa shida hufikiria uso unaotabasamu. Mimi humfikiria yeye akiwa na uso wake uleule wa hasira, anashuka ngazi za gatini asubuhi na ndoo ya chambo mkononi.

Na moyo mzuri haumaanishi kunyamaza. Wavuvi wa hapa walipoona uchimbaji wa bandari mpya utaharibu sehemu zao za kuvulia, walikwenda mahakamani mwaka wa 2012. Hukumu ikatoka 2018, Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na hata baada ya hukumu iliwabidi wangoje tena na tena. Kwa miaka yote hiyo walihudhuria vikao na kesho yake wakaenda baharini. Sijawahi kuona kwamba kudai haki kulimpunguzia mtu shukrani yake kwa Mungu.

Machi 2020 ikawa zamu yangu. Nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni upande wa Mkomani. Kwa ajili ya korona ndege za kimataifa zilisimamishwa tarehe 25, siku mbili baadaye kafyu ya nchi nzima, na wageni waliokuwapo wakaondoka na masanduku yao kama watu wanaokimbia mvua. Nyumba ikafungwa. Ramadhani ikaingia mwezi uliofuata, misikiti imefungwa, tarawehe tunasali nyumbani. Mji huu husikii motokaa, lakini una kelele zake, punda, watoto wa madrasa, wauzaji. Mwezi ule vichochoro vilinyamaza mpaka nikawa nasikia kikombe kikiwekwa chini nyumba ya pili.

Simu yangu ilijaa maneno matamu. Tabasamu, kesho ni njema. Kila jambo lina sababu yake. Najua waliotuma walitaka kheri, na siwalaumu. Ila maneno "kila jambo lina sababu" siyapendi yanapotoka kwa mtu ambaye hakuja hata na kibaba cha unga. Aliyenitoa kitandani ni wifi yangu. Alisimama mbali na mlango, kama tulivyoamriwa, akauliza kama nina mtama. Nilikuwa nao. Yeye alikuwa na tanuri na kuni. Tukaanza kuoka mkate wa mofa, mingine tukauza kwa futari, mingine tukaipeleka kwa wale tuliojua hawana. Faida ilikuwa ndogo sana, sitaki kukudanganya. Lakini siku zangu, ambazo zilikuwa hazina kichwa wala miguu, zikapata asubuhi ya kukanda na alasiri ya kuwasha moto.

Sasa nije kwenye jambo lililo gumu zaidi, kwa sababu umeniuliza kwa macho yaliyojaa.

Miaka iliyopita jirani yetu alifiwa na mumewe baharini. Chombo kilipinduka wakati wa tanga mbili, upepo unapogeuka bila mpango, na maiti ilipatikana baada ya watu kutafuta kutoka kijiji hadi kijiji. Wanawake wa mtaa walijaa nyumbani kwake. Waliopika walipika, waliochukua watoto walichukua watoto. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Dini imempa mjane eda ya miezi 4 na siku 10, na nimeishi kutosha kuona rehema iliyomo katika hesabu hiyo. Kwa muda wote huo hadaiwi uchangamfu na mtu yeyote. Hatakiwi sokoni, hatakiwi harusini, hatakiwi kujipamba. Na ule muda una mwisho unaojulikana, siku ambayo mashoga zake watakuja kumtoa. Nilikwenda siku hiyo. Alivaa nguo ambayo tulimshonea, akatoka hadi kizingitini, akalia tena, na tukalia naye, kisha akatutengenezea kahawa kwa mkono wake.

Kila nisomapo Surat Yusuf husimama kwa Nabii Yaakub. Huyu ni mtume wa Mungu, ndiye aliyesema subira njema, na bado alilia hadi macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walimlaumu kwa kumkumbuka Yusuf kupita kiasi. Akawajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Na baada ya jibu hilo tu akawaambia waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Macho hayaoni, machozi hayajakauka, na anatuma watu njiani. Mimi sijapata kusikia mafundisho mengine juu ya matumaini yanayonitosha kama hayo. Kwa hiyo ukiniona nalia, usidhani nimekata tamaa. Na nikikuona unalia wewe, sitakuomba uache.

Juu ya makosa, nilifundishwa na shangazi yangu, na nilifundishwa kwa sindano.

Unaijua kazi yetu, lakini wasomaji wengine hawaijui, kwa hiyo nitaieleza. Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara ya juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi kwa penseli, kisha nakshi ile hushonwa tundu kwa tundu, vitundu vidogo vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka viwe na midomo migumu. Kofia nzuri ni kazi ya miezi, na bei yake hufika maelfu ya shilingi kwa sababu hiyo. Ukanda ndio mgumu. Ukiuzungusha, maua ya mwanzo na maua ya mwisho lazima yakutane bila mtu kujua mlango ulipo.

Nilipokuwa msichana tulikuwa tukishona uani kwa shangazi, wasichana wa ukoo na wa mtaa. Binamu yangu, mkubwa wetu, ndiye aliyekuwa hodari, na siku moja akaleta ukanda wake umekwisha. Shangazi akauzungusha juu ya goti lake. Haukukutana. Ua la mwisho lilikatika nusu. Tulinyamaza wote, kwa sababu ukanda ule ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulipa sehemu, na fedha zile zilikuwa zimekwisha kuliwa.

Shangazi hakusema si kitu. Alisema, "Haya, imeharibika." Akaiweka mbele yake kwa adabu, kama kitu kilichojeruhiwa, akamwambia binamu, "Njoo, keti hapa. Ilianza wapi?"

Wakachukua pini na kurudi nyuma, ua kwa ua, wakipima nafasi kwa ncha ya kidole. Maua ya mwisho yalikuwa yamepanuka. Ya kabla yake pia. Wakarudi mpaka wakafika mahali ambapo nafasi zilikuwa sawasawa, na shangazi akachoma pini pale. "Ulikuwa ukishona wapi hapa?" Binamu akafikiri, akasema sehemu ile aliishona usiku, utambi wa taa ulikuwa mfupi, na alikuwa na haraka kwa sababu ya harusi. Toka siku hiyo hakuna aliyeshona baada ya isha katika nyumba ile.

Kisha wakafumua. Na hapa ndipo penye somo langu: shangazi alifumua kuanzia penye pini tu. Binamu, kwa aibu, alitaka afumue ukanda mzima aanze upya. Alikuwa amekwisha kushika mkasi. Shangazi akamnyang'anya. "Hii ya nyuma imekukosea nini?" akamwuliza. Kazi yote iliyokuwa kabla ya pini ilikuwa nzuri, ilikuwa ya msichana yuleyule, na haikuwa na kosa lolote.

Nitasema na upande wa pili, kwa kuwa ni kweli. Kitambaa kilichofumuliwa hulegea. Kofia ile ilikwisha, mwenyewe aliichukua, lakini alilipa pungufu kwa sababu palionekana. Kuna hasara ambazo hazirudi, na shangazi hakujifanya kwamba zimerudi. Aliiandika kwenye hesabu ya mwezi na akatugawia kazi nyingine.

Swali la "ilianza wapi" nimelichukua nyumbani kwangu. Kijana wangu alipopata matokeo ya kidato cha nne, yalikuwa mabaya. Sisemi gredi, ni yake. Alijifungia chumbani, na alipotoka alisema neno moja, kwamba yeye ni mjinga. Babake alitaka kugomba. Nikamwomba aniachie. Nikakaa na kijana juani, juu ya dari, nikamwuliza ilianza wapi. Mwanzoni akasema tangu kuzaliwa. Nikamwambia hapana, mimi nilikuwapo, nakumbuka darasa la tano ulivyokuwa ukimfundisha dada yako kugawanya. Tukarudi nyuma muhula kwa muhula. Tukafika kidato cha pili, alipokaa nyumbani kwa ajili ya karo, akarudi akakuta wenzake wako mbele katika hisabati, na akaona haya kuuliza. Kuanzia hapo alijificha, akawa anakwenda ufuoni Shela kufuatana na vijana wanaotembeza wageni kuliko kukaa darasani. Kosa lake lipo, na alilikiri. Lakini mjinga hakuwa, na tulipopapata pale penye pini uso wake ulibadilika. Unajua, mtu akijiita mjinga hana pa kuanzia, kwa sababu hakuna sehemu yake iliyobaki nzima.

Sasa anajifunza kutengeneza injini za boti kwa fundi mmoja. Siku nyingine anaipenda kazi, siku nyingine anarudi na mikono ya girisi na hasira. Anazungumza juu ya kurudia mtihani. Huenda akarudia, huenda asirudie. Mume wangu bado anavua kwa mshipi, na kusi hii amechelewa kutia kalafati kwa sababu pamba imepanda bei. Sina habari nyingine ya kukuletea kuhusu nyumba yetu.

Kwa hiyo, binti yangu, kwa swali lako. Mimi hukaa kwanza na jambo kwa jina lake. Hulia ikiwa ni la kulia. Hutafuta daftari. Hutafuta mtu wa kuoka naye. Haya hayaniponyi kwa siku moja, na ziko asubuhi ambazo sitaki kuyafanya, na hufanya hivyohivyo moja katika hayo, lile dogo kabisa, hata kama ni kutia uzi kwenye sindano na kuiacha pale.

Hilo lenu la nyumbani, ukitaka kuniambia, njoo kabla ya wenzako. Nipo tangu baada ya adhuhuri. Na ukanda wako usiuache kwa sababu ya masiku haya, nimeupima jana usiku: umekaa sawa hadi ua la kumi na mbili, na la kumi na tatu tutalitazama pamoja. Wengine mnaosoma mkiwa hapa mjini, na mna binti anayetaka kujifunza, darasa ni Jumamosi hadi Jumatano baada ya alasiri, Langoni. Kitambaa na uzi nitampa. Aje na sindano yake, na asubiri mwanga wa mchana.